Milagu na Milagaai

Siku ya kumlisha marehemu, pilipili haiingii jikoni kwetu. Haiingii nyanya, haviingii viazi ulaya, wala kabichi, wala karoti. Hizo zote mtaani tunaziita mboga za Kiingereza, na siku hiyo hubaki nje kama viatu. Ukali wa chakula tunautafuta kwenye pilipili manga, ambayo kwa Kitamil ni milagu. Nilikuta hivyo kwa mama mkwe wangu, naye alikuta hivyo kwa mama mkwe wake. Sikuwahi kuuliza sababu. Nani huuliza kwa nini anavua viatu mlangoni mwa hekalu?

Mume wangu alifariki mwezi wa Maasi wa kalenda yetu. Jina lake silitamki. Sikulitamka alipokuwa hai, nilikuwa nikisema "yeye", na mpaka leo yeye ni yeye. Aliondoka na njaa. Koo lake lilifunga miezi ile ya mwisho, nikawa namdondoshea maji ya wali kwa kijiko, mtu ambaye zamani alikula wali wa mtindi huku akitafuna pilipili mbichi kama mtoto anavyotafuna muwa. Kwa hiyo mwaka ulipotimia, ikawadia siku ya kumwita aje ale kwa mara ya kwanza pamoja na baba yake na babu yake, nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu. Ashibe.

Maana mambo yenyewe ni hivi. Mwana humwita baba yake, na wageni wawili wa Kibrahmin hukaa mahali pa waliokufa, wakala juu ya jani la mgomba. Wakishiba wao, ameshiba yeye. Kikiingia kitu kisichotakiwa, chakula hakimfikii, naye anarudi alikotoka na tumbo lile lile alilokuja nalo, hadi mwaka mwingine.

Wifi yangu Dharmambal, ambaye tumezoea kumwita Dharmu, dada mkubwa wa marehemu, alitaka tukodi mpishi.

"Wapishi wamejaa mjini Kumbakonam," alisema. "Huyu mkaza mwanao wa Pune, Kitamil chenyewe anakitembelea kwa magongo. Atatupikia nini?"

"Mke wa mwana ndiye anayepika," nikamwambia. "Ndivyo ulivyonifundisha wewe mwenyewe."

"Nilikufundisha wewe. Wewe ulikuwa unasikia."

Shubhangi, huyo mkaza mwana mwenyewe, alikuwa amesimama hapo hapo, na badala ya kununa akacheka. Ni mtu wa kucheka. Kila mwanangu Mouli alipomleta likizo, yeye na baba mkwe wake walishindana kula pilipili, machozi yakiwatoka, mimi nimesimama pembeni na bakuli la mtindi kama mwamuzi wa ngumi.

"Nitapika mimi, shangazi," alisema. "Mkono wa kukodi baba hataujua."

Dharmu aligeukia kikapu cha mboga. Akasema tu kwamba karela zioshwe vizuri.

Siku yenyewe Shubhangi alioga kisimani kabla ya jua, akavaa sari aliyoifua na kuianika mwenyewe, ambayo hakuna mtu aliyeigusa tangu ikauke. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikimwelekeza. Alipika karela. Akapika choroko. Ule mmea wa pirandai unaotambaa kwenye ua wetu akauchuma machipukizi, akayakaanga kwa ufuta na kuyatwanga. Kila kitu kwa milagu, na kila nilichosema alikirudia kwa sauti, kama mtoto wa shule anayeogopa fimbo. Zikabaki ndizi mbichi.

Hapo Dharmu akaniita mbele, majani ya mgomba yameletwa na mengine yamechanika. Nilipokuwa nainuka nikamwona Shubhangi anazimimina ndizi kwenye karai, na kibakuli cha milagu iliyotwangwa kimekaa pale pale hakijaguswa. Nikampigia kelele huku naondoka:

"Milagu! Kaai!"

Kaai ni mboga. Nilitaka kusema, milagu hiyo, tia kwenye mboga.

Nikiwa nachagua majani, nikaanza kukohoa. Dharmu naye akakohoa. Mouli, ambaye alikuwa ameketi kwenye mkeka wake wa ibada na nguo yake mbichi ya kuogea, akapiga chafya mfululizo mpaka uzi mtakatifu ukamruka begani. Harufu ile haifichiki. Ikiguswa na mafuta ya moto inaamsha mtaa mzima.

"Nani amekaanga pilipili?" Dharmu aliuliza, na sauti yake ikapanda. "Nani amekaanga pilipili kwenye nyumba hii leo?"

Nilimkuta Shubhangi anageuza ndizi kwa upawa, na juu ya ndizi pilipili mbichi zimetapakaa kijani kitupu. Alikuwa amekimbilia kisimani, kwenye mche ambao yeye, marehemu wangu, aliupanda kwa mkono wake. Uso wa binti ulikuwa umelowa, na si kwa moshi.

"Ahsante, mama," akaniambia. "Nilijua hutamnyima."

"Nani kakwambia utie?"

"Wewe. Umesema milagaai."

Milagaai ndilo jina la pilipili.

Nilisimama nikishika mwimo wa mlango. Nikalirudia neno mdomoni, polepole. Milagu. Kaai. Milagukaai. Milagaai. Maisha yangu yote nimelitamka, sokoni, jikoni, nikigombana na muuza mboga, na sikuwahi kusikia kwamba ni maneno mawili yaliyogandana. Mboga ya milagu. Kumbe pilipili haina jina lake yenyewe. Ilifika mikono mitupu, ikapewa jina la mwenyeji.

Dharmu hakuwa na nafasi ya hayo.

"Nilisema! Nilisema au sikusema? Mwaka mzima tunangoja, leo binti wa Pune kamtia mdogo wangu pilipili puani!"

"Wifi, niliyepiga kelele ni mimi. Nilisema milagu, kaai. Amesikia lililomo."

"Amesikia anachokipenda!"

Shubhangi alikuwa ameshaelewa. Aliondoa karai motoni, akakaa chini kando yake, akafunika uso kwa viganja, na pilipili alizozishika zikamwingia machoni. Hapo ndipo akalia vizuri.

Mouli alikuwa mlangoni. Hakuweza kuingia, maana hakutakiwa kumgusa mtu. "Mwacheni," alisema. "Kwao nako ni hivyo hivyo. Shubha, milagu kwenu mnaiitaje?"

"Miri," alijibu kwenye viganja.

"Na pilipili?"

"Mir..." Akaishia katikati. Akatoa mikono usoni na kumtazama mumewe kwa macho mekundu. "Mirchi."

"Umeona? Pilipili si yetu, mama. Na hao Waingereza mnaowasingizia hawakuileta wao. Nimesoma kwamba ilikuja na meli za Wareno, kutoka Amerika, nchi ambayo babu zetu hawakujua kama ipo. Kabla ya hapo nchi hii yote ukali wake ulikuwa milagu tu. Walipoionja wakakosa cha kuiita."

"Nchi hii yote?" nikauliza. "Hata Andhra, wanakokula pilipili kuliko wote?"

"Hata Andhra."

"Andhra bila pilipili!" Dharmu alisema. "Sasa walikuwa wanalilia nini?"

Shubhangi akacheka katikati ya kilio, na mimi nikamshukuru wifi yangu kwa hilo, ingawa hakukusudia. Lakini jua lilikuwa linapanda. Likishavuka utosi kidogo, Sastri, kuhani wetu, angefika na wageni wake, na chakula kinatakiwa kiwe tayari. Ndizi ndizo zilikuwa mboga kubwa. Karai tulilitoa hadi nyuma ya zizi. Jiko likafutwa, mkaa ukabadilishwa. Tupike nini?

"Boga," Dharmu alisema. "Juu ya paa la zizi kuna boga limeiva. Boga ni la kwetu hasa, mama yangu alilipika kila Jumamosi. Mouli, usinitazame hivyo, utakuta nalo lina kasoro gani?"

"Sijasema kitu, shangazi. Nauliza tu. Boga jina lake nani?"

"Parangikkaai. Umesahau lugha yako?"

"Na parangi ni nani?"

"Parangi ni Mzungu, nani asiyejua? Babu akiwaona barabarani alikuwa anasema, ingieni ndani watoto, parangi ha..."

Hakumaliza. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma kibao kwenye giza: "Parangi. Kaai." Akajishusha akakaa sakafuni, na magoti yake yale mabovu. "Mboga ya Mzungu. Limekaa juu ya paa letu, nimelipika, nimelilisha watoto, nimeliita jina lake kila siku, na sikulisikia hata mara moja."

Hakuna aliyemcheka. Nililitazama jiko langu, mitungi na vikapu, na nikaona kila kitu kimekaa kimya na jina lake, kama watu kwenye chumba cha kungojea treni ambao hujui nani anatoka wapi mpaka afungue kinywa. Shule niliishia la nne. Nilidhani elimu iko mbali, kwenye majengo. Kumbe nilikuwa naitafuna.

"Magimbi," Shubhangi alisema. Alikuwa amesimama. "Pale maji ya kisima yanapopita. Mama, magimbi ni ya kwenu?"

Nilimtazama Mouli.

"Ya huku huku," alisema. "Ya zamani sana."

Binti hakungoja jembe. Aliyang'oa kwa mikono, matope mpaka kwenye viwiko, akayaosha, akaoga upya na sari yake mwilini, akarudi jikoni anachuruzika maji. Nguo mbichi ya kuogea ni safi kuliko kavu, hilo hata Dharmu hakulipinga. Alipoanza kuyamenya mikono ikamwasha, akawa anaruka mguu huu na mguu ule huku anamenya.

"Paka mafuta, mwanangu," Dharmu akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Hayo yakikosa ukwaju yanawasha hadi koo. Mama Mouli, leta ukwaju."

Nilishika mtungi wa ukwaju, na jicho langu likapita kwenye uso wa mwanangu. Namjua. Ndivyo alivyosimama utotoni akiwa amevunja kitu na hakijaonekana bado.

"Sema," nikamwambia.

"Sina la kusema."

"Mouli, jua linakwenda."

Akatazama chini. "Ukwaju asili yake Afrika, mama."

"Huyu mtoto atatuacha na chumvi tu!" Dharmu alipiga kelele. "Kamuulize kama na maji ni ya kwetu!"

Lakini mimi sikucheka. Nilibaki na donge la ukwaju mkononi. Nikitia, huenda naingiza mgeni kwenye jani lake. Nisipotia, nampelekea chakula cha kukereketa koo. Koo lile, ambalo nililitazama likifunga kidogo kidogo kama mlango. Namwita baada ya mwaka mzima, anakuja, na tonge la kwanza linamshika pale pale.

Sastri alikuwa ameshafika uani na wageni wake wawili. Ni mzee mwembamba, husinzia katikati ya sala na kuamka penye neno lile lile aliloliacha. Alikuwa anaosha miguu, na kelele za Dharmu alikuwa amezisikia, kama ambavyo mtaa mzima ulizisikia.

Nikamweleza kutoka mlangoni, bila kuficha. Ndizi, pilipili, boga, magimbi, na hili nililoshika.

"Ukwaju ulikotoka mimi sikujui," alisema. "Dharmambal, bibi yako alipika magimbi kwa kitu gani?"

"Kwa ukwaju."

"Na aliyemfundisha yeye?"

"Ukwaju, kwani kuna kingine? Ule mkwaju wa nyuma ya hekalu hakuna hata anayejua aliyeupanda."

"Basi pika. Wanaujua."

Mouli akasogea. Alisema kwa heshima, lakini alisema. "Sastri, kama ni kujua, na pilipili wanaijua. Leo tunawaita watatu. Baba alikuwa anaitafuna mbichi. Babu aliila. Baba yake babu naye aliila, maana imekuwa hapa zaidi ya miaka mia nne. Wote watatu wanaijua. Kwa nini tumnyime baba kitu alichokipenda?"

Shubhangi aliacha kumenya. Nilijua kwamba swali hilo ni lake pia. Na niseme kweli, lilikuwa langu.

Sastri alimimina maji kwenye mguu wa pili, hana haraka.

"Watatu ndio tunaowataja," alisema. "Nani kakwambia wanakuja watatu?"

Akaingia ndani kutandika majani.

Sijui wengine walisikia nini. Mimi nilisikia kana kwamba mtu ameufungua mlango wa nyuma wa nyumba yangu, ambao sikujua kuwa upo. Niliiona safu. Yeye ameketi mwisho, karibu nasi, mgeni kabisa, amekunja miguu kwa adabu. Kando yake baba yake, kisha babu yake, na baada ya hapo sikuwa na majina, lakini watu hawakuisha. Walikaa kuvuka ua, kuvuka barabara, wakashuka mtoni Kaveri na kupanda ng'ambo ya pili, kila mmoja na jani mbele yake, mpaka kwa watu ambao nguo zao sizijui, na ambao wakisema Kitamil chao labda ningesikia neno moja moja tu. Na wote wameinamisha vichwa wanatazama kilichowekwa. Wali. Choroko. Karela. Ufuta. Manjano. Milagu. Hakuna hata mmoja, hata yule wa mbali kabisa, aliyekuwa na sababu ya kumgeukia mwenzake na kuuliza, hiki ni nini?

Kwa ajili hiyo pilipili hubaki nje. Hatumkomoi mtu, na pilipili haina najisi. Ni mgeni ambaye nusu ya waalikwa hawajakutana naye. Na yeye, hata kama angeitamani, leo ndiyo kwanza anakaa kwenye safu, na mtu mpya hula kinacholiwa, kama nilivyokula mimi mwaka nilioolewa, macho chini, nikijifunza ladha ya nyumba.

Na ukwaju? Niliutazama mkononi. Wale wa mbali kuliko wote huenda hawaujui. Basi wa karibu watawaambia, nikasema moyoni, kama watu wanavyonong'onezana karamuni. Nikaudondosha kwenye chungu.

Shubhangi aliyachemsha magimbi mpaka yakalainika, akayamwagia nazi na milagu, nyingi, mimi nikimsimamia bila kufungua mdomo. Alinigeukia akanionyesha kibakuli kabla ya kutia. Nikatikisa kichwa kukubali. Siku hiyo sikuthubutu tena kutamka jina la kitu chochote.

Wageni waliketi. Mouli aliwaosha miguu, akawaita baba yake, na baba wa baba yake, na wa juu yake, kwa majina, na sauti ilimkatika kwenye jina la kwanza. Shubhangi akapakua. Wanapokula hakuna anayesema, wao wala sisi. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo, mahali pangu, nikiangalia koo la yule mgeni mnene aliyekaa mahali pa mume wangu. Alichukua gimbi. Akatafuna. Nikaliona tonge linashuka. Kisha akasogeza mkono kwenye jani akaonyesha kwa kidole: ongeza.

Dharmu aliniminya mkono mpaka bangili zake zikaniumiza.

Alionyesha tena. Na yule mwenzake naye akaonyesha. Chungu kikawa kinarudi jikoni na kutoka, na Shubhangi anapita kati ya majani ameinama, nywele bado zinamchuruzika, mikono imevimba kwa mwasho, wala hajikuni. Mvuke wa milagu ulipanda sebuleni. Ni ukali mwingine ule. Hauchomi ulimi. Unangoja mpaka umeze, kisha unakupasha joto kifuani kwa ndani, taratibu, kama habari njema. Nikawaza kwamba joto hilo hilo, bila kubadilika hata kidogo, limepita kwenye kifua cha kila aliyewahi kukaa kwenye safu ile, kabla ya meli yoyote.

Walipomaliza, Mouli alipiga magoti mbele yao na kuwauliza lile swali la mwisho, kwa lugha ya sala. Mmeshiba?

Wakajibu pamoja, kwa nguvu, mikono juu ya majani matupu.

Shubhangi alinisogelea nyuma ya nguzo. Lugha ile haijui.

"Mama, wamesema nini?"

"Wamesema wameshiba."

"Wote?"

Nilitazama sebule. Wageni wawili walikuwa wanainuka, mmoja akimshika mwenzake kiwiko. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na barabara ilikuwa nyeupe kwa jua.

"Wote," nikamwambia. "Kapake mafuta mikono hiyo, kisha utandike majani yetu. Na shangazi yako mpakulie wa kwanza, ana njaa na haongei, hiyo si dalili nzuri."